Matanga ya Mtu Aliye Hai

Burungu, 8 Septemba 1968

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya barua nitakazomwandikia Euphrasie kwa wakubwa. Barua zikiisha kurasa zitabaki nyingi, nami sipendi karatasi ilale bure, kwa hiyo nitaandika humu yanayotupata. Nilisoma miaka minne kwa mapadri kule Walikale. Si mengi, lakini katika kambi hii ya wachuma maua mimi ndiye msomi, na kusema kweli napenda kuitwa hivyo.

Euphrasie ni mke wa Honoré. Mimi na Honoré tumetoka kijiji kimoja, msituni, mwendo wa siku sita kwa miguu. Tulipanda milima hii ya Masisi pamoja miaka saba iliyopita kutafuta kazi. Tuliizoea baridi pamoja, na pamoja tukajifunza kula maharage kila siku ya Mungu. Kazi yetu ni bireti, yale maua meupe ya dawa ya kuua wadudu. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunakata kuni za nyumba ya kukaushia maua. Mti ulianguka upande ambao hatukuutazamia, tawi likampiga Honoré kichwani. Alilala siku tisa bila neno. Alipoamka mkono wa kushoto ulikuwa mzito na maneno yake yamechanganyika kama nafaka za magunia mawili. Serikali ikampa pansio, malipo ya kila mwezi kwa ajali ya kazi. Kwa pansio hiyo mke na watoto watatu waliishi.

Mwezi wa saba mwaka huu aliichoma moto nyumba ya kukaushia. Alisema ule mti umejificha ndani. Hakuna mtu aliyeungua, ila maua ya wiki tatu yaliteketea.

Mwezi wa nane tribinale, mahakama ya serikali, ilikaa Masisi. Séraphin, kapita anayesimamia kazi yetu, aliniambia mlangoni, "Acha bamuhukumu tu, Isidore. Ni miezi sita. Atatumika kazi yao, atatoka." Sikumsikiliza. Séraphin ni mtu wa kupiga kelele tangu asubuhi, nikadhani ni chuki. Niliposimama mbele ya jaji nilieleza yote: jinsi Honoré anavyoongea na kuni, jinsi alivyomsahau mtoto wake wa mwisho. Jaji akasema mtu huyu hana akili ya kujibu mashtaka, kwa hiyo hana kosa, na atawekwa katika nyumba ya wagonjwa wa kichwa iliyo nyuma ya gereza la mjini, mpaka daktari aseme vingine. Nilitoka mle kama mtu aliyeua nguruwe pori peke yake.

Jana Euphrasie alikwenda Masisi kuchukua pansio. Amerudi mikono mitupu.

10 Septemba

Mvua toka asubuhi. Maua yaliyolowa hayapimwi, na yasiyopimwa hayalipwi.

16 Septemba

Nimekwenda mwenyewe Masisi pamoja na Euphrasie. Anayelipa pansio ni Bwana Edmond, kijana mwenye miwani na koti lililopigwa pasi. Watu walikuwa wengi, wengine wametoka Lushebere na vijiti vyao vya kuegemea. Ilipofika zamu yetu nikamsalimu kwa Kifaransa. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Ule muntu wenu iko wapi?"

"Iko kwa wagonjwa, Bwana."

"Wagonjwa gani? Hapa bameandika anashikiliwa kwa amri ya tribinale. Mwenye anashikiliwa, pansio yake inasimama mpaka siku atatoka. Njo sheria."

"Lakini hakufungwa, Bwana. Jaji alisema hana kosa."

"Haya. Anaweza kutoka leo akanywe pombe yake ya kasiksi, arudie?"

Watu nyuma yetu wakacheka. Nikasema hapana, hawezi, kuna askari mlangoni.

"Kwa hiyo hospitali yenu inakuwaka na askari mulangoni," akasema, na sasa hakuwa anatania. Akaigeuza karatasi ili niione. "Weye unajua kusoma. Angalia. Mufungwa wa kweli, karatasi yake iko na tarehe ya kutoka. Huyu wako haina tarehe. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miaka kumi. Na siku zote zile, hakuna kitu."

Euphrasie akauliza, "Na batoto, Bwana? Nao banashikiliwa?"

Edmond akaikunja karatasi. Alimwita aliyefuata.

Kutoka Masisi mpaka Muheto Euphrasie alitangulia mbele. Pale tulipopumzika akaniuliza ni nani aliyewaambia wenye tribinale kwamba mume wake ni mwenda wazimu. Alijua jibu, alikuwapo. Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Basi," akajitwika mzigo wake.

22 Septemba

Nimeandika barua kwa ofisi ya pansio. Nimeeleza kwamba kichwa cha Honoré kiliharibiwa na kazi yenyewe, kwamba pansio ilitolewa kwa ajili ya kichwa hicho, na sasa imezuiwa kwa ajili ya kichwa hicho hicho. Nimeomba watume mtu aje aone hali ya mke na watoto. Nimeiandika mara nne mpaka wino ukakaa vizuri.

23 Septemba

Barua imeondoka na lori la maua.

29 Septemba

Euphrasie sasa anachuma bireti na sisi. Mikono yake haijazoea, imetoka vipele. Mtoto wake mkubwa ameacha shule. Nilimpa nusu ya unga wangu, akaupokea bila kuniangalia.

4 Oktoba

Hakuna barua. Mvua.

5 Oktoba

Mvua.

13 Oktoba

Nimepanda juu ya magunia ya lori mpaka mjini, kwenye ziwa, kumtazama Honoré.

Nyumba yenyewe ni safi kuliko nilivyofikiri. Mtawa tunayemwita Masista Emérita ndiye anayeiangalia, mwanamke mnene wa kicheko kifupi, mwenyeji wa Rutshuru. Lakini ili umfikie unapita kwanza lango la gereza, unaacha kisu na kiberiti kwa askari, unaandikwa katika daftari lile lile la wageni wa wafungwa. Nikaliona jina la Honoré limeandikwa chini ya mwizi wa ng'ombe.

Alikuwa ameketi juani. Niliweka mbele yake ndizi za kuchoma nilizomletea. Alizitazama sana. Kisha akaniita kwa jina la baba yake aliyekufa zamani, akaniuliza kama mitego ya ng'ambo ya mto imenasa kitu. Nikasema imenasa.

Masista alinisindikiza. "Anakula, analala. Napatia yeye dawa asubuhi na jioni. Dawa ile inakuwaka polepole, kaka. Inaomba muda."

Sikumwamini. Watu wetu wanajua dalili: anayezungumza na waliokufa ameshavuka nusu ya mto. Naongeza mstari huu mwezi wa kumi na mbili: ningemwamini. Yeye alikuwa anamwona kila siku, mimi nilimwona kwa muda wa kuchoma ndizi mbili.

20 Oktoba

Séraphin amenikata malipo ya nusu ya siku kwa ile safari ya lori. Nilimjibu vibaya. Tunachukiana wazi sasa.

28 Oktoba

Mama Elisabeth amefika, mama yake Honoré. Kwa uzee wake ametembea siku nane kutoka kwetu, na miguu yake imevimba. Hajui Kiswahili, anasema lugha yetu tu, na tangu afike hapa anaongea na mimi na Euphrasie peke yetu. Ameleta nyama ya moshi iliyofungwa kwa majani. Niliponusa harufu ile nilitoka nje nikasimama kidogo.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Baada ya misa tuliketi watatu. Mama Elisabeth aliuliza mtoto wake amefikia wapi. Nilimwambia jinsi alivyoniita kwa jina la baba yake na kuulizia mitego. Akafunika uso kwa kitambaa.

Katika ukoo wao kuna desturi, nami naijua kwa sababu niliiona mara moja nikiwa mdogo. Mtu akishikwa kichwa na kilichomshika kikakataa kumwachia, ndugu zake wanamlilia angali hai, ili kilichomshika kidhani amekufa, kimwache. Wanakata mgomba kwa urefu wake, wanauvingirisha katika mkeka wake, wanauzika kando ya maji. Mke ananyolewa. Moto unazimwa. Siku tatu mke hatoi sauti, hata akiungua, kwa kuwa kilichomshika mumewe kikisikia sauti yake kitajua kwamba kimedanganywa. Siku ya nne moto unawashwa upya na matanga yamekwisha.

Mama Elisabeth alisema yeye ni Mkristo tangu miaka ishirini, anaogopa. Mimi ndiye niliyesema, "Mama, Mungu atafahamu. Makaratasi yameshindwa, tribinale imeshindwa. Tufanye ya kwetu." Naandika hivi ili isije ikasemwa baadaye kwamba ni mwanamke mzee aliyeyaleta.

Euphrasie alisema, "Mwenye alisema mume wangu iko wazimu, leo anasema tumulilie." Lakini alikubali. Alikuwa amechoka kuliko sisi wote.

4 Novemba

Tumezika mgomba. Mama Elisabeth alilia kweli. Nilidhani ni mchezo wa kumdanganya shetani, lakini mama huyu alilia mpaka akatapika.

Jambo moja linanisumbua. Watu wa hapa milimani hawaijui desturi hii. Wakiona kichwa kilichonyolewa na moto uliozimwa, wanaona matanga. Wengi wamekuja kutupa pole. Séraphin alikuja na kikapu cha maharage na mtungi wa pombe ya ndizi. Akaketi chini, yeye kapita, katika matope, akasema, "Honoré alikuwa muntu wa kazi. Miye nilisema bamuhukumu ili atoke. Sikuwa na roho mubaya, Isidore." Machozi yalimtoka. Nilipaswa kumwambia pale pale. Nilifikiri siku tatu zikiisha nitamweleza, tutacheka.

6 Novemba

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Ilikuwa siku ya tatu, mchana, mvua imepumzika. Gari dogo lilipanda mpaka kwenye ofisi ya shamba. Akatoka Bwana Edmond na mkoba wake, viatu vimejaa matope. Barua yangu mkononi! Kwa wiki sita nilimtukana mtu yule moyoni, na kumbe aliisoma barua, akaipeleka kwa wakubwa wake, akaomba yeye mwenyewe atumwe.

Séraphin alimpokea. Nilikuwa hatua kumi, nikirundika kuni, nikasikia kila neno.

"Bwana, umefika siku mubaya. Kuko kilio kwa ile nyumba."

"Kilio ya nani?"

"Ya mwenyewe. Honoré. Banasema alifia kule kwenye bamemufungia."

Edmond akavua kofia. Walikuja mpaka mlangoni, nami nikawafuata. Euphrasie alikuwa ameketi kwenye majivu, kichwa kimenyolewa, watoto pembeni. Edmond akainama akasema, "Pole, Mama. Pole sana. Nilikuja na habari mubaya, nimekuta ya mubaya zaidi." Alikuwa amekuja kumwambia kwamba wakubwa wamekataa: aliyefungiwa kwa amri ya tribinale, mwenye kosa na asiye na kosa ni mamoja.

Halafu akanigeukia. "Ni weye uliandika barua? Umeandika muzuri. Sasa sikiliza. Kama angali muzima, siwezi kitu. Lakini kama amekufa, na kichwa kile kiliharibikia kwa kazi, ni jambo lingine. Mujane wake ana haki, na kila mutoto. Tunaomba tu bashahidi babili kwa ofisi ya Masisi. Miaka ya fujo daftari nyingi ziliungua, njo maana bashahidi babili banatosha. Ni kweli amekufa?"

Mama Elisabeth alinitazama, hakuelewa lolote. Euphrasie aliinua uso. Ulikuwa umejaa majivu na macho yametoka. Alikuwa amekatazwa kutoa sauti, na aliyemkataza ni mimi. Alinitikisia kichwa. Mara moja, kidogo: hapana.

Niliona ile hapana. Nataka niandike hilo, kwa sababu wiki zijazo nitajaribu kujiambia kwamba sikuiona.

Niliwaangalia watoto. Niliangalia kofia ya Edmond mkononi mwake. Nikakumbuka maneno yake, "umeandika muzuri." Nikasema, "Ni kweli, Bwana."

7 Novemba

Moto umewashwa. Euphrasie alipopata ruhusa ya kusema, neno lake la kwanza lilikuwa juu yangu. "Uliniziba kinywa, kisha ukasema pa nafasi yangu."

Nikamwambia tunaweza bado kuyarudisha, sijaweka sahihi. Akawatazama watoto waliokuwa wanakula maharage ya Séraphin. Hakusema tuyarudishe. Hakusema tuendelee pia.

11 Novemba

Masisi. Mashahidi wawili: mimi na Séraphin. Séraphin alivaa suruali yake ya Jumapili. Hakudanganya, yeye anaamini anachokisema. Aliweka kidole gumba, akakifuta kwa majani. Mimi niliandika jina langu lote kwa kalamu ya Edmond.

Njiani kurudi Séraphin aliniambia habari za utoto wake, na jinsi baba yake alivyofia barabarani katika kazi ya lazima bila mtu kumwandika popote. "Wenu huyu amepata bahati," alisema. "Ameandikwa." Nilitamani anitukane kama zamani.

12 Novemba

Mvua. Tumechuma.

18 Novemba

Mvua ya mawe. Bireti ya upande wa juu imelala chini yote.

19 Novemba

Mama Elisabeth amerudi kwetu. Aliniuliza lini mtoto wake atatoka, kwa kuwa matanga yamefanywa sawasawa. Nikamwambia karibuni. Alinibariki kwa kuniwekea mate kidogo kwenye paji la uso, kama wanavyofanya kwetu.

1 Desemba

Pansio ya mjane imelipwa kwa mara ya kwanza. Mtoto mkubwa amerudi shule. Euphrasie alinunua chumvi, sabuni na blanketi moja. Jirani akamsifu, "Mume wako hata akiwa chini anakutunza." Euphrasie alivuta blanketi juu ya kichwa chake ambacho nywele zimeanza kuota, akaingia ndani.

8 Desemba

Dereva wa lori ameniletea barua ya Masista Emérita. Naiandika hapa kama ilivyo:

"Kaka Isidore, Bwana asifiwe. Honoré anaendelea vizuri kuliko tulivyotumaini. Tangu katikati ya mwezi uliopita anajua siku, anajua jina lake, ananisaidia kugawa chakula. Anaulizia mke wake kila siku. Daktari ameandika kwamba anaweza kutoka, ikiwa ndugu atakuja kuweka sahihi ya kumpokea, na kopi ipelekwe kwa ofisi ya eneo lenu. Njooni kabla ya Noeli."

Katikati ya mwezi uliopita! Siku zile nilikuwa Masisi namwandika katika wafu.

Sijamwonyesha Euphrasie barua. Nimejiambia nikaone kwanza.

12 Desemba

Mjini.

Alinijua kabla sijaketi. "Isidore! Umekonda sawa kuku ya masika!" Akacheka. Ni kicheko chake, kile cha kabla ya mti. Mkono wa kushoto bado ni mzito, lakini macho yake yametulia. Aliuliza habari za watoto kwa majina, hata yule wa mwisho aliyekuwa amemsahau. Aliuliza habari za nyumba aliyoichoma, kama imejengwa, kwa aibu. Masista akaweka mezani karatasi ya kumtoa na kalamu, kando ya ndizi nne nilizomletea Honoré, akatuacha.

Sikuishika kalamu.

"Nini?" akauliza. "Euphrasie amekufa?"

"Hapana. Ni weye umekufa."

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu tribinale, mgomba, Edmond, kidole cha Séraphin na kalamu yangu. Nikamweleza kwamba kopi ya karatasi hii ikifika Masisi, pansio ya mjane itakatika siku hiyo hiyo, na huenda pansio yake mwenyewe ikacheleweshwa kwa miaka kwa sababu ya udanganyifu wetu. Nikamwambia pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba mimi nitafungwa.

Wagonjwa wawili walikuwa wanabishana juu ya kiti.

"Batoto banasoma?" akauliza.

"Mukubwa amerudi masomo."

"Na banakula?"

"Banakula."

Akaisukuma karatasi upande wangu kwa mkono ule mzito, polepole, mpaka ikafika ukingoni mwa meza. "Basi usiandike. Mwambie bado nagonjwa. Hapa si mubaya. Masista ananipendaka, nagawa chakula. Acha nikufe kidogo."

Kuna jambo ambalo sitaweza kumwungamia padri yeyote, nitaliandika hapa. Aliposema hivyo nilikuwa kama mtu aliyetua mzigo. Nilifurahi. Rafiki yangu alikuwa amejifungia mwenyewe mbele ya macho yangu, na mimi nilifurahi kwamba sitafungwa. Nikamwambia Masista tutarudi baada ya Noeli. Alinitazama kwa mshangao. "Bamoja banaomba hata kwa magoti ndugu batoke," alisema. Nilipogeuka langoni, Honoré alikuwa ameshaanza kuchukua sahani.

14 Desemba

Euphrasie aliniuliza, "Iko namna gani?"

"Bado anagonjwa," nikasema.

15 Desemba

Jumapili. Sikwenda misa.

16 Desemba

Mvua.

17 Desemba

Tulikuwa tunachuma safu moja, mimi na Euphrasie. Bila kuacha kuchuma akasema, "Alikula ndizi ngapi?"

"Nani?"

"Honoré. Ulimupelekea ndizi ine. Alikula ngapi?"

"Mbili. Zingine aligawia benzake." Ilinitoka tu.

Akaacha kuchuma. Mtu aliyechanganyikiwa hagawi, anakula zote au hagusi. Yeye amemuuguza miaka miwili, anajua. Akaweka kikapu chini katikati ya safu.

Nikamwambia yote, pale pale katika maua, na barua ya Masista nikamsomea kwa moyo. Nikamwambia pia kwamba Honoré mwenyewe ndiye aliyechagua, kwa ajili ya watoto. Nilidhani hilo litamfariji.

"Banaume babili muliketi kwa meza," alisema, "mukanifanya mujane mara ya pili. Mara ya kwanza mulinikataza kusema. Mara hii hamukuniita hata." Hakupaza sauti. "Batoto bangu bataulizwa baba yao iko wapi. Nitabaonyesha mugomba?"

"Pansio itakatika, dada."

"Ikatike. Nimeshajua kuchuma."

"Na mimi?"

Akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Sikuona hasira machoni mwake, na afadhali ningeiona. "Weye unajua kuandika, Isidore," akasema. "Utajiandikia."

18 Desemba

Euphrasie ameondoka na lori, na watoto wote watatu. Blanketi alilonunua kwa pansio ameliacha kwa jirani. Alisema kwanza atapita kwa Bwana Edmond, ndipo aende kwa Masista, asije mtu akamwambia baadaye kwamba alimtoa mume wake kwa wizi.

21 Desemba

Hakuna habari. Ningeweza kwenda naye. Nilijiambia ni kazi, ni mvua, ni Séraphin. Kwa kweli niliogopa lango lile.

Nimemweleza Séraphin kila kitu, ili asikie kutoka kwangu. Alikuwa anapima magunia. Aliendelea kupima, akakosea hesabu mara mbili, kisha akanifukuza mbele yake.

25 Desemba

Noeli. Wenyeji waliniita kula, nikakataa.

Nafikiri juu ya daktari wa mjini, kama amebadili neno lake. Nafikiri barabara imekatika pale kwenye daraja. Nafikiri pengine Edmond amekasirika, amewarudisha, na Honoré atabaki kule bila tarehe. Nafikiri ile miezi sita ya Séraphin. Angehukumiwa mwezi wa nane, leo angekuwa anahesabu wiki.

27 Desemba

Mvua na ukungu. Lori halikuja.

28 Desemba

Séraphin alikuja kwangu asubuhi. Ni mara ya kwanza tangu nimweleze. Alikuwa na karatasi mbili, moja yake, moja yangu, zimeletwa na polisi wa Masisi. Yeye hajui kusoma, na hakutaka mwingine amsomee.

"Nililia muntu wako, Isidore," alisema. "Nilikaa kwa matope. Nilitoa maharage."

"Najua, Papa."

"Soma."

Karatasi ni za Kifaransa. Nilimtafsiria yake kwanza: anaitwa kama shahidi tu, aeleze jinsi alivyodanganywa, na hana shtaka. Aliguna. Kisha yangu. Nimeitwa Jumatatu tarehe thelathini mbele ya tribinale, pamoja na vitu vyangu vya kulalia, kujibu shtaka la ushahidi wa uongo juu ya kifo cha mtu aitwaye Honoré Musombwa, mfanyakazi wa zamani wa shamba la Burungu, mwenye mke na watoto watatu, aliyefika mwenyewe ofisini na mke wake, akiwa mzima.

Séraphin aliweka kidole juu ya karatasi, pembeni kabisa na mahali penyewe.

"Ni hapa banasema hivyo?"

Nikakisogeza kidole chake mpaka kwenye neno lile la mwisho, mzima.

"Soma tena," akasema.

Nikamsomea tena.